Mipopi ya Buluu Nyuma ya Kiwanda cha Barafu

Mjomba wangu alibeba barafu kwa zaidi ya miaka thelathini, na mkono wake wa kulia una vidole vinne na nusu. Hiyo nusu nyingine ilibaki kwenye winchi kabla mimi sijazaliwa. Watoto wakimuuliza kidole kiko wapi, huwaambia kiliyeyuka.

Kiwandani wanamwita Koleo. Sababu ya kwanza ni lile koleo refu la chuma analoburuzia mapande ya barafu, na ya pili ni kwamba akishika jambo haachii. Kazi yenyewe haina siri. Makopo marefu ya bati yanajazwa maji safi, yanazamishwa kwenye tangi la maji ya chumvi yenye baridi ya kuuma mifupa, na kesho yake winchi inayainua. Yanachovywa kidogo kwenye maji ya kawaida ili barafu iachie bati, kisha Mjomba anayapindua, na pande linateleza sakafuni, refu na zito. Wauza samaki wanachukua, mabucha yanachukua, hoteli zinachukua. Ikifika alasiri, kazi yote ya Mjomba imeshakuwa maji kwenye mitaro ya watu.

"Miaka thelathini na mmoja, mpwa," aliniambia siku moja tukinywa chai kwenye ngazi za ghala. "Fundi seremala atakuonyesha kitanda. Mwashi atakuonyesha nyumba. Mimi nikuonyeshe nini? Sakafu imelowa?"

Alicheka, nami nikacheka. Mimi hucheka haraka, ndicho kipaji changu.

Kila Ijumaa alikuwa anapanda na lori la barafu hadi hoteli moja ya milimani. Ijumaa moja alirudi nyumbani akiwa amechanganyikiwa kwa ajili ya ua. Mkaza mjomba, ambaye hana subira na mafumbo, alimuuliza ua gani.

"La buluu."

"Buluu kama nini?"

Mjomba alifikiri hadi chai ikaota utando. "Kama moto wa jiko la gesi, likiwashwa vizuri."

"Basi na ule moto ukuletee chakula," mkewe akasema, akaondoka na sufuria.

Lakini kilichomshika Mjomba haikuwa rangi. Mtunza bustani wa ile hoteli, mama mmoja wa gambuti asiyependa porojo, alimweleza kwamba huo ni mpopi, si ule wa kulevya wa mashamba ya wahuni bali wa kivuli na baridi. Ukishatunzwa vizuri, majani yake hufa yote msimu wa baridi, ardhi ikabaki tupu kama haijawahi kuwa na kitu, na baridi ikiisha mmea unarudi wenyewe, mwaka hadi mwaka.

"Unarudi?" Mjomba aliuliza.

"Unarudi, kaka. Shimo lilelile."

Hapo ndipo Koleo aliposhika. Mtu aliyetengeneza vitu vya kuyeyuka maisha yake yote alitaka kitu kimoja tu kinachorudi. Akapewa tumba moja kavu la mbegu na maagizo manne, na akayashika moja kwa kila kidole kizima. La kwanza, mbegu zionje baridi kabla ya kuona udongo. La pili, zisifukiwe, zinyunyizwe juu juu, zinataka mwanga. La tatu, zisikauke na zisizame. La nne, mmea ukitoa vitumba vyake vya kwanza, vikatwe vyote kabla havijafunguka.

"Ukichanua kabla haujajaza mizizi," yule mama alimwambia, "basi huo umekuaga."

Nyuma ya kiwanda chetu kuna ukanda wa ardhi ambao hakuna mtu aliyekuwa akiutaka. Upande mmoja kuna ukuta wa chumba cha baridi, unaotoa jasho mchana kutwa, na upande mwingine kuna tangi la maji linaloziba jua. Mji wetu wenyewe uko juu, asubuhi ukisema neno linatoka na mvuke. Pale nyuma palikuwa na kuvumwani ya kijani ukutani, ndoo mbovu na paka mmoja mwenye kinyongo. Mjomba akaomba ukanda ule kwa meneja, akapewa kwa sharti la kumhamisha paka.

Sasa niseme na mimi nilikuwa nafanya nini hapo. Mjomba ndiye aliyeniombea kazi ya kupakia malori, baada ya mimi na chuo kuachana. Nilikuwa nasomea diploma ya kilimo cha bustani. Mihula sita ndiyo diploma, mimi nilifika wa tatu. Nyumbani nilisema nasubiri cheti, na kwa kuwa kwetu watu wanaheshimu makaratasi, hakuna aliyeuliza cheti gani hiki kinachotembea kwa magoti. Wapakiaji wenzangu waliniita Diploma kwa kunidhihaki. Mjomba alinyanyua kidevu kila aliposikia.

"Mpwa wangu ni mtaalamu," aliwaambia wauza samaki, watu waliokuja kununua barafu wala hawakuuliza habari za mpwa wa mtu.

Mbegu zile zilikuwa ndogo kama ugoro. Mjomba alizichanganya na mchanga wenye unyevu, akazitia kwenye chupa ya jamu, akaiweka chumba cha baridi nyuma ya mapande kwa wiki sita. Ili wenzake wasiiguse alibandika karatasi: DAWA YA JIPU. Haikuguswa. Baadaye alizinyunyiza kwenye trei alizotengeneza kwa mbao za makasha ya samaki, juu ya udongo mweusi wa majani yaliyooza. Hakumwagia maji kwa juu. Alikalisha trei ndani ya karai la maji ya barafu safi iliyoyeyuka, udongo ukanywa wenyewe kwa chini. Mimi nilisimama pembeni nikitikisa kichwa kitaalamu. Mambo hayo yote nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Ziliota sitini na moja. Najua kwa sababu alizihesabu akiwa amepiga magoti, akapoteza hesabu kwa ajili yangu na utani wangu, akaanza upya. Kisha kukaja kuoza, miche ikalala shingo kama mashabiki wa timu iliyofungwa. Kukaja konokono wasio na magamba, ambao Mjomba alikuwa akiwaokota alfajiri mmoja mmoja na kuwatupa kwenye maji ya chumvi. Hadi mwaka unakwisha ilibaki mipopi tisa, yenye majani ya manyoya ya rangi ya dhahabu kama masikio ya ndama.

Fundi mitambo, mzee mnene anayeujua kila mngurumo wa zile mashine, alikuwa anakuja kuegemea mlango wa nyuma akifuta mikono kwa tambara.

"Koleo, mipopi si ndiyo ile ya kulevya?"

"Hii hailevyi."

"Inafanya nini basi? Mwaka mzima naona majani. Naona kazi yake ni kuchelewa."

"Itachanua."

"Buluu?"

"Buluu."

"Mzee mwenzangu, ua la buluu nimeliona kwenye kanga tu."

Watu wakacheka. Mjomba hakujali, lakini mimi nilijali. Nilivimba kwa niaba yake, au ndivyo nilivyojiambia. Nikamjibu Fundi mbele ya wapakiaji wote kwamba mwaka ule ule atayaona kwa macho yake, na mimi kama mtaalamu naweka jina langu. Jina lenyewe lilikuwa la kupewa, lakini niliweka.

Baridi ya mwaka wa pili ilipokwisha, mipopi yote tisa ilitoa vitumba. Mjomba alikuja asubuhi na mkasi wa mkewe. Akachuchumaa mbele ya mmea wa kwanza, akakishika kitumba kwa vidole viwili kama anayepima joto la mtoto. Hakukata. Akanigeukia.

"Mpwa, wewe umesoma. Yule mama alisema vya kwanza tukate vyote. Ni kweli?"

Sikujua. Hilo ndilo jambo ninalotaka lieleweke kabla ya mengine: sikujua kabisa, hata kwa kubahatisha. Nilichojua ni kwamba Fundi alikuwa mlangoni na tambara lake, anatabasamu.

"Hayo ni mambo ya kizamani, Mjomba," nikasema. "Kitaalamu mmea ukizuiwa kuchanua unapata mshtuko. Homoni zinavurugika."

"Homoni," Mjomba akarudia, kwa heshima, kama mtu anayetajiwa jina la mkwe.

"Homoni."

Akautia mkasi mfukoni.

Yalichanua wiki moja yote tisa. Sitaki kuyaeleza sana kwa sababu sistahili, ila Mjomba alikuwa amesema kweli: moto wa gesi. Petali nyembamba kama karatasi ya kufungia pipi, na katikati uzi uzi wa njano. Kwenye kile kivuli ilikuwa kama mtu amewasha majiko tisa. Wapakiaji walikuja na mabuti yao, wakasimama mbali wasije wakachafua. Fundi mitambo alivua kofia, akauliza nani kayapaka rangi. Mkaza mjomba, ambaye hakuwahi kukanyaga kiwandani tangu aolewe, alikuja na gauni la kutokea. Alimtazama mumewe, si maua.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli," akamwambia.

Mjomba alisimama kwenye ule ukuta wenye jasho, shati limelowa mgongoni, hajui mikono aiweke wapi. Mimi niliwatembeza watu. Niliwaeleza, nikanyoosha vidole, nikasema "kama mnavyoona". Siku ile nilivaa miwani ya mbao na ikanikaa vizuri.

Petali zikadondoka. Majani yakageuka njano, kisha kahawia.

"Inalala," Mjomba akasema.

Baridi ikaja, ikakaa, ikaondoka. Mjomba akaanza kwenda nyuma kila asubuhi kabla ya winchi kuwashwa, akimwagia pale penye udongo mtupu maji ya barafu iliyoyeyuka, kidogo kidogo, zisikauke na zisizame. Mimi nilimshikia kopo. Akiinuka alikuwa anajikandamiza kiuno na kutazama chini muda mrefu, kama mtu anayesubiri kufunguliwa mlango na anasikia nyayo ndani.

Wiki ya pili ya kumwagilia, wakati wa chakula, nilikaa juu ya kasha nikafanya jambo ambalo ningelifanya mwaka uliopita kwa dakika tano: nilisoma kwenye simu. Mpopi wa buluu ukiachwa kuchanua mara ya kwanza ukiwa mchanga, mara nyingi hufa moja kwa moja. Ukikatwa vitumba, hujenga kichaka na kuishi miaka. Nilisoma mara tatu nikitafuta mahali ilipoandikwa kwamba mtaalamu amekosea. Kisha nikaenda nyuma, nikafukua kidogo kwa kijiko mahali pa mmea mmoja. Kulikuwa na ute wa kahawia. Nikafukua wa pili. Nikafukia, nikasawazisha udongo kwa kiganja kusionekane kitu.

Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi nilikuwa mwosha, na muuaji, na mtu wa kwanza kufika msibani. Na asubuhi iliyofuata nilishika kopo kama kawaida.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza. Kila siku niliyonyamaza iliifanya kesho yake iwe nzito zaidi. Jumatatu ningekuwa nimesema kosa moja. Ijumaa tayari yalikuwa matano. Mkaza mjomba alinikuta mlangoni kwao akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wewe unayejua. Itaamka kweli? Maana huyu halali vizuri."

"Itaamka, mama," nikasema.

Hata Fundi mitambo aliacha utani. Siku moja alinivuta kwenye kelele za mashine, pale ambapo hakuna anayesikia.

"Diploma. Mwambie mzee."

"Nimwambie nini?"

"Mimi mimea siijui. Lakini injini iliyokufa naijua hata nikiwa nje ya geti." Akanitazama. "Na wewe unajua. Nimekuona na kijiko."

Nilisema nitamwambia kesho. Zilipita wiki tano nyingine.

Ijumaa moja Mjomba mwenyewe aliamua. "Panda lori, mpwa. Twende kwa yule mama tukamuulize. Na wewe uwepo, mtaelewana kitaalamu."

Njia nzima alinionyesha mabonde. Mimi nilikuwa natazama mabuti yangu.

Tulimkuta mtunza bustani ameinama kwenye kitalu chini ya miti mirefu, kivuli cha baridi, udongo mweusi. Mipopi yake ilikuwa tayari imeota, mashada mazito ya manyoya ya dhahabu.

"Kaka wa barafu! Yako imefika wapi?"

"Bado, dada."

"Bado?" Akasimama, akapima kwa mkono. "Yangu ina kiganja. Vitumba vya kwanza ulikata?"

"Sikukata."

"Vyote uliacha?"

"Vyote."

"Si nilikwambia? Nilikwambia hapa hapa, nikarudia mara mbili!"

Mjomba alivua kofia. "Ni mimi, dada. Niliona haraka. Tamaa ya macho."

Alisema hivyo huku bega lake linagusa bega langu. Na yule mama akamsema. Mtu wa miaka hamsini na tisa, alisemwa kama mtoto aliyemwaga uji: nyinyi watu wa barafu mmezoea kila kitu kiwe tayari kesho asubuhi, tumba lenyewe la mbegu nakupa moja kati ya machache, na wewe unakwenda kulichezea. Mjomba akaitikia "kweli" na "kweli, dada", na hakunitazama hata mara moja. Nikaelewa kwamba alikuwa na nia ya kubeba hivyo hadi mwisho.

"Si yeye," nikasema.

Yule mama akanigeukia.

"Aliniuliza. Nilimwambia aache. Sikujua, nikamwambia tu. Kulikuwa na watu." Yalikuwa yanatoka hovyo, ya mwisho mbele ya ya kwanza. "Na cheti hakipo, Mjomba. Niliishia nusu. Hakuna cheti kinachokuja."

Mjomba alitikisa kichwa polepole. Hilo halikumgusa sana, sijui kama alikuwa ameshahisi au alikuwa anahitaji muda. Ningeweza kuishia hapo. Ingekuwa nafuu.

"Na nimejua kwamba imekufa. Wiki saba sasa. Nilifukua."

Hapo ndipo alipogeuka.

"Wiki saba?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Nilikuwa namwagilia."

"Ndiyo."

"Na wewe unanishikia kopo."

Mjomba alirudisha kofia kichwani, akaivuta mbele, akatembea hadi mwisho wa kitalu, akasimama huko akitazama mti ambao haukuwa na kitu cha kutazama. Yule mama wa gambuti hakunisema. Ningeshukuru kama angenisema.

Mjomba aliporudi, mama alikuwa amezamisha koleo la kuchimbia kando ya shada moja nene. "Kaka, nitakugawia hili na mizizi yake. Mwakani linachanua, na linarudi. Basi, yaishe."

Mjomba alilitazama lile shada. Kile ambacho alikuwa amekitaka kwa miaka mitatu kilikuwa kimekaa juu ya koleo, na udongo wake.

"Nipe mbegu, dada."

"Mbegu ni miaka miwili tena. Mitatu. Na huenda zisiote."

"Nipe mbegu. Na usinipe mimi. Mpe huyu."

"Maagizo?"

"Mwambie yeye. Mimi niliyasikia."

Mama akaenda ofisini, kwenye friji ndogo wanapoweka maziwa ya chai, akarudi na matumba mawili ya mbegu ndani ya bahasha. Alinisomea maagizo manne, akanitaka niyarudie kwa sauti mbele ya Mjomba kama mtoto wa darasa la kwanza. La tatu nilisahau. Akanianzisha upya.

Kurudi, hakuna aliyeonyesha mtu mabonde.

Miezi saba baadaye Mjomba alistaafu. Walimpa saa ya ukutani na soda. Ukanda wa nyuma umebaki kwangu, na trei ni mbili, na miche iliyoota ni ishirini na tatu, leo asubuhi ishirini na mbili. Mjomba huja Jumamosi, hugeuza ndoo na kukaa. Tunaongea. Anauliza habari za mama yangu, za mpira, za winchi mpya. Zamani alikuwa ananiuliza kila kitu: mvua itakuja lini, dawa gani ya mchwa, kwa nini ndizi zinapinda. Nilikuwa najibu yote. Habari za mimea haniulizi tena, na sijamsikia akimwambia mteja yeyote kwamba mpwa wake ni nani.

Jumamosi iliyopita Fundi mitambo alikuja mlangoni na tambara lake. "Koleo, hizi nazo lini?"

"Muulize mwenye nazo," Mjomba akasema.

Fundi akanitazama.

"Sijui," nikasema. "Labda miaka miwili. Labda zisifike."

Fundi alitikisa kichwa, akarudi kwenye mashine zake. Mjomba alikaa kidogo, kisha akainuka kwa kushika kiuno, akainama juu ya trei ya kwanza, akabonyeza udongo kwa kile kidole cha nusu. Akakisugua na gumba, akakinusa. Nilisubiri aseme kama maji yametosha.

Akajifuta kwenye suruali, akaaga, akaondoka.

Nikainama nikabonyeza mwenyewe.